Gambuti za Mama Inga

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya duka moja hapa Kibiti, karibu na stendi ya mabasi, nikachukua gambuti moja ya kijani na kuipeleka puani. Ilikuwa mpya, ndani bado ina ule unga mweupe, na harufu yake ya mpira ilipanda mpaka kwenye paji la uso. Kijana mwenye duka alinitazama, kisha akamwuliza mwenzake wa bodaboda kwa sauti ya kutaka nisikie, "Eti huyu babu ananunua au ananusa?"

"Mwache anuse," mwenzake akamjibu. "Kunusa bure, kuvaa ndio hela."

Nikacheka nao, nikairudisha gambuti mahali pake, nikaondoka. Sikuwaambia nilichokuwa nanusa. Watoto wa siku hizi wana mambo yao ya kushangaa, na mimi la kwangu nimelibeba tangu nilipokuwa naanza kung'oka meno ya mbele. Halijawahi kupungua uzito.

Wazazi wangu walikuwa watu wa bara, Wangoni, Wakristo. Baba alikuwa dresa, yaani msaidizi wa tiba, na alipelekwa kufanya kazi katika zahanati ndogo ya misheni ndani ya delta ya Rufiji, zama hizo ambapo pale Ndundu watu bado walivuka mto kwa kivuko na masika ikiingia nchi yote ya kusini inafungika. Kijiji kilikuwa cha wakulima wa mpunga. Kila mtu alikuwa Mwislamu isipokuwa sisi na Wazungu wawili waliokuja kutoka ng'ambo kuhubiri Injili: Bwana Harald, ambaye wote tulimwita Bwana Haradi, na mkewe, Mama Inga.

Muda wote walioishi pale hawakumbatiza mtu yeyote ila mimi na dada yangu, na sisi tulikuwa Wakristo tangu tumboni. Watu walikuja kumsikiliza Bwana Haradi kwa adabu zote. Walikaa kwenye mkeka, wakamaliza mahubiri, wakamwambia, "Maneno mazuri, Bwana. Na sisi Nabii Isa twamjua," kisha wakaenda kuswali. Naye hakuchoka. Kila Jumapili alinikalisha mimi na dada yangu barazani, akatufundisha kwa sauti ile ile moja, iliyonyooka, kama mtu anayesoma maelekezo ya vidonge. Alikuwa na picha kubwa ya karatasi iliyoonyesha wanawake wakienda kaburini asubuhi. Anaweka kidole kwenye picha, anauliza, "Siku ya ngapi?" Nami najibu, "Siku ya tatu." "Akafanya nini?" "Akafufuka." Basi, ananipa kipande cha sukari guru.

Mama Inga hakuhubiri hata siku moja. Alipima watoto, alichemsha sindano, alifunga vidonda, na alitembea kitongoji hadi kitongoji juu ya matuta ya mashamba ya mpunga akiwa na kofia nyeupe na gambuti za kijani zilizomzidi miguu. Kwapa, kwapa, kwapa. Ndivyo zilivyolia topeni. Mkoba wa dawa ulimvuta upande wa kushoto, kwa hiyo ukimwona kwa mbali anainama kama mnazi uliosukumwa na upepo. Kila jioni alizisuuza, akazigeuza juu chini kwenye vigingi viwili barazani mwa zahanati, na hapo ndipo nilipopenda kuzinusa. Niliona ndiyo harufu ya huko ng'ambo walikotoka.

Jirani yetu alikuwa Bi Somoe, mkulima, mama mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alipopita zahanati alimtania Baba.

"Mngoni! Hujambo, mtumwa wangu? Panya wa leo umeshamla?"

"Nimemla," Baba anamjibu bila kuinua kichwa. "Nimekuwekea mkia, uje uchukue."

"Nile mkia mie? Hata babu yako tulipomfunga kamba hakutupa mkia!"

Mara ya kwanza Mama Inga kusikia hayo alitoka nje amekunja uso, akamwuliza Baba kwa nini anakubali kutukanwa kazini. Baba akamweleza. Zamani mababu wa Wangoni walikuja huku kwa vita. Wakapigana na watu wa hapa, wakachoka, wakapatana. Wakiisha kupatana, kinachobaki cha vita ni matusi ya mdomo tu, na hayo ni haki. "Na yule mwenye haki ya kukutukana," Baba alisema, "ndiye mwenye wajibu wa kukuzika."

Bi Somoe alikuwa anasikiliza, kikapu kichwani. "Basi mwambie na yeye ni mtani wangu," akasema. "Babu yangu alipigana na Wazungu wakati wa Maji Maji."

"Lakini mimi si Mjerumani," Mama Inga akasema.

"Na huyu Mngoni aliyetupiga si yeye, ni babu yake! Mzungu ni Mzungu. Tumepigana, tumepatana, imekwisha. Haya, mtumwa wangu, vua gambuti hizo, ni mali yangu."

Akamshika mguu kweli. Mama Inga akaruka nyuma akapiga ukelele, kisha akaangua kicheko ambacho sikujua kama Wazungu wanacho. Tangu siku hiyo ikawa kila wakikutana ni vita. "Somoe, mchele wako ni mchanga tu!" "Nyamaza weye, mweupe kama kitumbua kibichi!" Wakishatukanana wanakaa chini wanachambua mboga pamoja. Mimi nilijua utani ndio huo, maneno ya asubuhi. Sehemu nyingine ya utani, ile ya misibani, sikuijua, kwa kuwa watoto hatukuruhusiwa kusogea kwenye misiba.

Masika moja mto ulifurika kuliko kawaida. Maji yalifika kwenye ngazi za zahanati na boti ya dawa haikuonekana. Mama Inga alishikwa na homa. Baba alifanya yote aliyoyajua na kurudia aliyokwisha kuyafanya, na mchana mmoja, mvua ikinyesha, akatoka kwenye chumba cha mgonjwa akiwa ameshika kitambaa kilicholowa, akakaa kwenye ngazi miguu ikiwa ndani ya maji. Nilimwuliza kama Mama Inga amelala. Akakikamua kile kitambaa, akakitandaza gotini.

Hapakuwa na njia ya kumpeleka popote. Wanawake wa kijiji, Bi Somoe mbele, wakamwosha. Wanaume wakachimba kaburi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya misheni, mahali pekee pakavu, na maji yalipoanza kuchuruzika ndani wakatandika boriti za mikoko chini ili asilale kwenye maji. Bwana Haradi akasoma kitabu chake kwa sauti ile ile ya siku zote. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakutoka. Mama yangu alimpelekea ugali, akaukuta jioni mlangoni, kuku wanaudonoa. Bi Somoe alimpelekea wali wa nazi, ukachacha kwenye bakuli. Baba alibisha hodi, akajibiwa kutoka ndani, "Ninamshukuru Mungu. Sina njaa." Kesho yake tena vile vile. Jioni ya siku ya pili nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Yule asipokula ataondoka na mkewe. Na kama haondoki naye hivyo, ataondoka na boti." Mimi nilijua maana ya boti kuondoka. Bila Bwana Haradi hapakuwa na dawa, wala zahanati, wala kazi ya Baba. Lakini zaidi ya hayo nilimwonea huruma tu. Nilidhani amesahau alichonifundisha.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama alinipa kibuyu cha uji nimpelekee. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umelala juu ya mpunga, mzito, mweupe. Nikafuata tuta linalopita kaburini. Nikiwa karibu na nyumba ya misheni nikasikia nyuma yangu, upande wa kaburini: kwapa, kwapa, kwapa.

Niligeuka. Ndani ya ukungu palikuwa na kofia nyeupe. Chini yake mtu ameinamia kushoto, mkoba begani, na chini kabisa zile gambuti za kijani, zinapanda na kushuka. Kisha ikaja sauti, ile ile, ya puani, yenye Kiswahili kilichochanganyikana: "Hodi, hodi! Watoto wote wakuja kwa mzani!"

Sikuogopa. Watu huwa hawaamini nikiwaambia hivyo. Nilishtuka, ndiyo, lakini kwa namna ya mtu aliyeambiwa jambo mara nyingi na leo analiona. Ilikuwa asubuhi. Kulikuwa na kaburi. Ilikuwa siku ya tatu. Nilitupa kibuyu, nikakimbia, nikasukuma mlango wa Bwana Haradi bila kubisha.

"Bwana! Mama amefufuka!"

Alikuwa amekaa kitandani, ndevu zimemtoka, miguu mitupu. "Nani?" akauliza.

"Mama Inga! Yuko kwenye tuta, anakuja! Amevaa gambuti!"

Nilitazamia angeniuliza maswali, kama Jumapili. Hakuuliza. Alisimama. Uso wake ukafunguka, sijui neno jingine, ukafunguka kama dirisha, na huyo mtu mzima, msomi, aliyevuka bahari kuja kutuambia habari hiyo, akanipita akikimbia, akaruka ngazi, akaingia topeni na miguu mitupu akiita, "Inga! Inga!"

Mpaka leo sauti hiyo ndiyo inayonishtua, kuliko gambuti. Nilikuwa nimemsikia akisema habari za ufufuo mara nyingi, kwa sauti iliyonyooka. Siku ile ndipo niliposikia inavyolia kwa mtu aliyeisadiki. Ilikuwa furaha tupu. Sijawahi kumsikia mwanamume akifurahi hivyo, na mimi ndiye niliyemfurahisha.

Ukungu ukasogea. Nyuma ya kofia nyeupe walikuwepo wanawake wengine, wamebeba mitungi ya maji na fagio mpya, wanapiga vigelegele na kucheka, kwa sababu kwa watu wa pale siku ya tatu ndiyo ya kuanua tanga. Nyumba inafagiliwa, vyombo vinaoshwa, na mtani anakuja amevaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake na kusema maneno yake, mpaka wafiwa wacheke na wale. Kisha mfiwa humpa kitu, hata kidogo, naye huvua, na marehemu anakwenda zake salama. Bi Somoe alikuwa ameomba gambuti, kofia na mkoba kwa Baba jana yake. Baba alikubali, akapanga aende asubuhi kumwandaa Bwana Haradi. Nilipokuwa natupa kibuyu, yeye alikuwa nyumbani anafunga vifungo vya shati.

Bi Somoe hakujua kitu. Aliona mfiwa amefungua mlango na anamkimbilia, akadhani kazi yake imefaulu kupita kiasi. Akaweka mkono kiunoni kama Mama Inga anavyofanya.

"Haradi! Wewe nakonda kama mwiko! Mimi nakwenda kidogo tu, wewe nanyima tumbo? Kula! Kula, au mimi nachoma sindano!"

Wanawake wakaangua vicheko. Bwana Haradi alikuwa amesimama. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa, mikono bado imenyooshwa mbele. Vicheko vikapungua, vikaisha. Sikujua kwamba uso unaweza kufungwa vile. Nilitamani mtu apige kelele, alie, ampige Bi Somoe, chochote.

Bwana Haradi akapiga magoti kwenye tope. Akashika gambuti moja kwa mikono miwili, akaivuta taratibu, kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala. Bi Somoe akashika bega la mwenzake asianguke. Akavuta na ya pili. Akazikumbatia zote mbili na tope lake, akainuka, na alipofika niliposimama akaniuliza, bila hasira yoyote, "Nani alikutuma?"

Mama alinituma na uji tu. Habari ile nilikuwa nimeileta mwenyewe. Akaingia ndani na mlango ukafungwa.

Bi Somoe alibaki pale, miguu wazi, kofia nyeupe kichwani, mkoba begani. Baba alipofika mbio alimshika mkono. "Dresa," akasema, na safari hii hakumwita Mngoni, "mwambie anipe changu. Hata ukuni. Hata kipande cha sabuni. Asiponipa nitamvuaje mkewe?"

Baba alizungumza na ule mlango muda mrefu. Alieleza vita, mapatano, utani, siku ya tatu. Mwishowe sauti ikajibu, imenyooka tena, "Mwambie aende nyumbani."

Maji yalipopungua boti ikaja, Bwana Haradi akaondoka nayo, gambuti chini ya kwapa. Alikuwa amekonda hata kofia ilimzidi. Hatukupata habari zake tena. Zahanati ikafungwa, nasi tukahamia Bungu, kisha hapa Kibiti. Baba hakunichapa. Alisema mara moja tu, tukiwa mtumbwini na vyombo vyetu, "Laiti ungechelewa kidogo. Angekutana na Bi Somoe, angekasirika, pengine angecheka. Weye ulimkutanisha na mkewe."

Ningekuwa na akili ningejifunza hapo. Nilijifunza kinyume chake. Nilimaliza sekondari, nikaajiriwa ukarani, nikawa mzee wa kanisa, na popote penye msiba wa Wakristo wa bara hapa mjini mimi ndiye niliyesimama getini kuwazuia watani. Nilisema ni ushenzi. Nilisema wanawaumiza wafiwa. Watu waliniheshimu kwa msimamo, na sikumwambia mtu msimamo huo umetoka kwenye tope gani.

Baba alipofariki, Bi Somoe alikuja. Alikuwa ajuza, amesafiri kwa mtumbwi na basi, na ameazima mahali koti jeupe kama la dresa. Nilimkuta getini analivaa, anafunga kifungo kimoja kimoja.

"Mama," nikamwambia, "hapa ni msiba wa Kikristo. Hatufanyi mambo hayo."

Alinitazama sana. "Babako nimemtania kabla weye hujaota meno," akasema. "Mzungu alinibakizia mkewe, ninaye mpaka leo. Na weye wanibakizia Mngoni?"

Nilimpa nauli. Hakuipokea. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaenda stendi kwa miguu. Alikufa kabla ya mavuno, na sikwenda kumzika. Hilo sina wa kumsingizia. Nilikuwa mtu mzima, sina tena meno ya utoto ya kujitetea.

Mwaka jana mke wangu Debora alifariki. Nilikaa barazani siku nzima nzima, watoto wangu wakiniletea sahani na kuzirudisha. Niliwasikia wakinong'ona jikoni, "Mzee hali." Siku ya kuanua tanga nilikuwa nimeinamisha kichwa pale pale, nikasikia ndala zikiburuzwa uwanjani, mguu mmoja mzito kuliko mwingine, na sauti yenye uchovu na ukali: "Karani! Viatu mlangoni tena? Umri wote huu nikufundishe mlango?"

Nilisimama. Nikasikia mtu akiita, "Debora!" Nilihitaji kupumua mara moja kujua kuwa ni mimi, na kwamba sauti hiyo naifahamu. Niliisikia ikitoka kwa mtu mwingine, kwenye ukungu, na maisha yangu yote nilidhani ni sauti ya mtu aliyedanganywa.

Alikuwa dada mmoja wa makamo, amejifunga kanga ya Debora, mkono kiunoni upande ule uliokuwa ukimuuma marehemu. Mjukuu wa Bi Somoe, ndivyo alivyojitambulisha baadaye. Majirani ndio waliomfundisha mwendo. Mwanangu mkubwa alikuwa tayari ameshuka ngazi. "Dada, samahani, hapa ni msiba wa Kikristo," akamwambia, neno kwa neno, kama alivyonisikia mimi.

"Mwache," nikasema.

Yule dada akanijia, akanyoosha kiganja. "Mngoni, mtumwa wangu, waniangalia nini? Nipe changu nimvue bibi yako aende."

Mapajani nilikuwa na kitambaa cha kichwa cha Debora, kile cha kanisani, nimekishika tangu asubuhi. Nilikikunja. Nilijua nikikiweka kwenye kiganja kile basi imekwisha, kanga itafunguliwa, na atakayebaki uwanjani ni mgeni.

"Nitakupa," nikamwambia. "Zunguka uwanja kwanza, kwa mwendo wake."